Mstari Mmoja wa Tofali

Muuza vitumbua wa hapa Mfaranyaki ndiye aliyeniambia, nikaenda kujionea. Mama mjane alikuwa amepanga tofali mbichi juu ya msingi wa nyumba yake, mstari mmoja tu, akiacha nafasi za milango. Tanuri lilikuwa lichomwe kesho yake, na kuni zilitosha kuchoma mara moja tu.

"Mama, tofali elfu tatu tulizofyatua zinatosha," fundi wake alicheka.

"Mstari huu umekula mia mbili na hamsini, baba. Mpaka juu ni mistari mingapi?"

"Kumi na minane."

"Hiyo ni elfu nne na mia tano. Hata ukitoa madirisha, nyumba yangu utaiachia njiani."

Fundi akavua kofia. "Basi tusichome, mama. Tufyatue nyingine."

Kumbe hesabu ya nyumba inataka mtu ainame tu.

Asubuhi iliyofuata nilimfunga mwanangu mgongoni, nikaanza kupanga mstari kwenye msingi wa jiko letu.