Tundu Juu ya Jiko

Mwenyeji wangu, nje kidogo ya Kajiado, hukohoa akiwa amegeuza uso, kiganja kifuani, kisha hurudia kazi yake ya kukanda samadi. Nyumba aliijenga mwenyewe, kama wanawake wote wa boma lile. Leo ametwaa panga anatoboa ukuta juu ya jiko, moshi utoke. Mama mkwe wake amesimama mlangoni.

"Moshi ndio inafukuza mchwa! Hii nyumba itaanguka."

"Ikianguka nitajenga ingine, yeyo, mama yangu. Kifua nitajenga na nini?"

"Na nzi wakiingia?"

"Waingie wanipate napumua."

Analainisha kingo za tundu kwa samadi, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Mkwewe anacheka, na kicheko kinageuka kikohozi kirefu. Mwenyeji wangu anangoja kimalizike, kisha anaokota panga.

"Yako nitoboe upande gani?"