Niliyekuwa Namsinga Kumbe ni Mke Mwenzangu

Wasomaji wa ukurasa huu, hamjambo. Nimemwomba mwenye ukurasa alifiche jina langu, maana Dodoma hii ni ndogo na wenye midomo ni wengi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tano, Mrangi wa Kondoa, ila nimelelewa na shangazi yangu Bagamoyo, na huko ndiko nilikojifunza kazi ya kusinga, kuwasugua wanawake mwili kwa manukato. Mume wangu ni mnyapara wa reli. Muda mwingi yuko njia ya Tabora na mafundi wa Kijerumani, nyumbani anakuja akipenda.

Nyumba yetu ni tembe ya udongo yenye paa bapa, karibu na stesheni. Gari moshi halitembei usiku, kwa hiyo abiria wote wanalala hapa, na wanawake wakishuka wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nikaanza kuwapokea. Nawakanda mgongo, nawaogesha maji ya moto, nawasugua liwa, ule unga wa mti wa kunukia, nawafukiza udi. Maji yenyewe ni ya kufukua mchangani mtoni, yanakuja kwa punda, kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia kazi yangu ni ya kukaa. Siku hizi wake wa maakida na wa wafanyabiashara wanapanda gari makusudi waje kwangu siku chache, watembee sokoni, wapumue, warudi kwao wananukia.

Mwezi wa Shaabani wifi yangu, dada wa mume wangu, aliniletea msichana kutoka Kilosa. Akasema, "Wifi, huyu ni mtoto wa marehemu rafiki yangu, anaolewa baada ya Idi. Mpumzishe, msinge, mfunde. Mikono yako naijua." Nikampokea kwa moyo mmoja; kulala analala kwa wifi, kwangu anakuja kuoga na kusingwa. Msichana mpole, hana mama, anacheka hovyo. Akaniita somo, yaani kungwi wake. Nilimpenda jamani, nisiwadanganye.

Siku moja namsugua miguu, akaniambia bwana wake ana mke mkubwa. "Somo, nasikia ni mkali, halafu nyumba nzuri anaikalia yeye. Nifanyeje?"

Mimi na mdomo wangu huu! Nikakaa kitako nikamfundisha. "Usigombane naye hata kidogo. Mgombane ya nini? Mpelekee bwana neno sasa hivi, kabla ya ndoa: bila nyumba ile huolewi. Akikataa, lia, gomea chakula, zikamfikie habari kwamba umekonda. Mwanamume machozi ya mke mpya hayawezi. Huyo bibi atatolewa na vyungu vyake." Tukacheka mpaka maji yakapoa.

Siku niliyotaka kusaga singo yake, ule mchanganyiko wa manukato wa kumsugulia, wifi akaingia jikoni. "Karafuu usitie. Bwana harusi harufu yake inamuumiza kichwa." Nikamwuliza, singo gani hiyo isiyo na karafuu? Halafu mkono ukanifia juu ya jiwe. Nyumbani kwangu karafuu haijaingia tangu niolewe, hata kwenye pilau ya Idi, kwa sababu ya kichwa cha mume wangu. Nikamtazama wifi. Akainamisha macho.

"Wifi, niambie siye kaka yako."

"Sasa ulitaka asingwe na nani? Mwenye mikono hapa Dodoma ni wewe."

"Nimewakosea nini?"

"Hujakosa kitu. Kaka anaoa, sheria inamruhusu. Ila usimwambie msichana, hajui kama mke mwenyewe ni wewe. Utamtia hofu bure, na kaka akisikia atakuacha."

Hofu yeye! Mimi je?

Mume wangu alishuka na gari la wiki ile. Nikampa maji ya kunawa, akala kwanza ugali wake wa uwele na mlenda, akamaliza, akapangusa mdomo. Akasema, "Nilitaka umzoee. Mtu uliyemwogesha kwa mikono yako huwezi kumchukia." Akaendelea, "Kuna neno jingine. Ameniletea sharti kupitia kwa dada, hataki ndoa mpaka apewe nyumba hii. Sijui nani kamtia ujanja huo. Baada ya Idi nenda Kondoa kwa kaka yako, nitakuwa nakuja kukuona. Bafu mwachie, na kazi mfundishe kabla hujaondoka."

Ee Mola wangu. Maneno yangu mwenyewe, yamenirudia mimi. Nilicheka, wallahi, nilicheka mpaka akaniuliza kama nina homa. Nyumba hii kuta zake nimezikandika mimi, na sasa sina pa kuweka hata kigoda.

Nimekwenda kwa kadhi, ananiambia nyumba ni ya mume. Bomani kwa Wajerumani siendi, mume wangu wanamjua, mimi hawanijui. Kaka yangu Kondoa ana wake na watoto kibao, atanipokea kwa kuguna. Nikaingia porini nikachuma upupu. Nimeukausha, nimeusaga, uko kwenye kikopo kando ya kikopo cha liwa. Ngozi ile niliyoilainisha mwenyewe itachunika kwa kucha zake, na hakuna bwana harusi atakayeitazama.

Leo asubuhi msichana amekuja mbio, amenishika mikono akaibusu. "Somo, amekubali! Yule mwanamke anatolewa! Bila wewe ningefanya nini mimi? Nikihamia, mgeni wangu wa kwanza ni wewe." Hajui kwamba nyumba anayoililia ndiyo hii anayoogea. Nikamwambia, geuka nikusugue mgongo. Akageuka, akafumba macho, akaanza kuimba.

Nikimwambia ukweli, naachwa siku hiyo hiyo. Nikinyamaza, natoka kwangu kwa ujanja niliofundisha mimi. Nikimwaga upupu, namuumiza mtoto wa watu ambaye hajanikosea. Idi imekaribia na kesho anakuja tena kuoga. Ndugu zangu mnaosoma hapa, msinionee haya, semeni wazi: mkono huu niuchovye kikopo kipi?