Mama Hakukaa Eda

Jumamosi ile nyumbani kwetu Unguja ilikuwa ya kazi tu. Ramadhani ilikaribia, na baba, fundi cherehani, alikuwa na kanzu za watu hajazimaliza. Mama alimtania kwamba anapokea kazi kama mtu mwenye mikono minne. Baba akacheka, akaendelea kushona.

Alfajiri ya Jumapili, siku ya Mapinduzi, tuliamshwa na milio ya bunduki. Tukalala chini.

Kesho yake wakagonga. Vijana wenye silaha. Walisema baba anaitwa mara moja tu, atarudi.

Alitoka na futi yake ya kupimia nguo shingoni.

Hakurudi.

Mama hakukaa eda. Mke hukaa eda akipata habari ya kifo, na sisi habari hatukuletewa. Wachumba walikuja, akawarudisha. Hata tulipohamia London, akazeekea kwenye fleti yetu ya Kilburn, hakukubali baba aitwe marehemu. Nilimkasirikia sana. Niliona anapoteza maisha yake kwa kungoja.

Mama alikuwa ameshakufa Dolma alipohamia fleti ya jirani. Dolma ni wa Tibet, na mumewe alibaki huko. Watoto wa kwao hupelekwa shule za bweni wangali wadogo, wakafundishwa kwa Kichina, na wakirudi likizo hawaelewani na bibi zao. Mumewe aliwakusanya sebuleni akawa anawafundisha kusoma Kitibeti. Polisi wakamchukua. Dolma akimpigia wifi yake amuulize, wifi huzungumzia theluji tu, maana simu zinasikilizwa. Mara ya mwisho alimwomba asipige tena.

Kwao maiti huwashiwa taa za samli na kuombewa, apate njia nyepesi. Dolma alikuwa hajui afanye nini. Kama mumewe amekufa naye hawashi, anamnyima dua. Kama yu hai naye akawasha, anamzika kwa mkono wake. Alikuja jikoni kwangu kuniuliza, nami sikuzunguka.

"Washa taa, mwanangu," nilimwambia. "Mama yangu alingoja mpaka akaisha."

"Nikiwasha," akasema, "nani atawauliza yuko wapi?"

Kila wiki Dolma alikuwa akisimama nje ya ubalozi wa China na picha ya mumewe. Mke ana haki ya kuuliza mumewe yuko wapi. Mjane hupewa pole, na habari ikaishia hapo.

Miaka yote nilidhani mama alikuwa akingoja tu, kumbe alikuwa akiuliza, kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Dolma hakuwasha taa. Bado anakwenda ubalozini na picha yake, na siku za mvua mimi humshikia mwavuli. Hajajibiwa. Hata sisi hatukujibiwa. Mama tulimzika hapa London akiwa bado mke wa mtu.