Salamu Mlangoni kwa Bibi

Niliambiwa nitafsiri hadithi kwa Kiswahili, nisiguse kitu. Nikagusa.

Mwandishi alikuwa mama wa Kimarekani, mwenye vitabu vya watoto vingi kuliko sufuria zangu. Alipanga chumba kwangu Kasulu akiandika hadithi ya binti wa kijiji cha Kagerankanda anayetumwa kwa bibi yake kuchukua mbegu za maharage. Nilimpenda. Alikula ugali wa muhogo bila kukunja uso, na kila asubuhi nilimkuta ameshaanza kuandika. Lakini binti yake wa kwenye karatasi alifika kwa bibi, akasukuma mlango, akasema, "Bibi, nipe mbegu."

Kwetu Buha, nchi ya Waha, mtoto hafanyi hivyo. Anasimama uani, anainama, anapiga makofi taratibu, anauliza hali ya bibi, ya watu wa nyumbani, ya ng'ombe, ndipo aseme shida yake. Nikaiandika salamu yote katika tafsiri yangu, ukurasa mzima. Akauliza ukurasa huo umetoka wapi, akaifuta. Alisema watoto watachoka, hadithi ya watoto lazima ikimbie. Inakimbilia wapi? Nilikasirika, maana huyo binti angekwenda duniani kwa jina letu, bila adabu.

Alitaka asikie inavyosomeka, tukaenda shule moja ya Murungu. Nilisoma kama alivyotaka, neno kwa neno. Nilipofika mlangoni kwa bibi nilisoma hivyo hivyo. Kisha msichana wa dawati la mbele akainama na kuanza kupiga makofi, akimsalimia bibi kwa Kiha kwa niaba ya yule wa kitabuni. Wenzake wakamfuata, darasa zima, mpaka ng'ombe nao wakaulizwa hali. Hakuna aliyechoka.

Mama mwandishi akaniuliza kwa sauti ya chini wanafanya nini.

"Wanamwombea radhi binti yako," nikamwambia.

Njia nzima ya kurudi alitazama nje ya dirisha la gari. Kitabu kilitoka bila salamu. Aliniletea nakala, akaniomba niwasomee watoto kama kilivyo.

Nawasomea, Busunzu, Murungu, popote ninapoitwa. Nikifika mlangoni kwa bibi nakifunga kitabu, nainama mbele ya watoto, napiga makofi, na hatuingii ndani mpaka bibi aitikie. Anayetaka kunikataza aje, ila naye asimame uani kwanza.