Konzi ya Asubuhi

Tangu aolewe, Bi Darkungi hajawahi kubandika wali kabla ya kumtolea Mungu konzi moja ya mchele. Huutia kwenye kopo la kanisa pale jikoni, na Jumamosi akina mama wa kanisa hupita kuukusanya.

Mwaka huu panya walifyeka mpunga wote mlimani. Asubuhi hupika Rothuami, mke wa mwanawe. Jioni ni zamu ya bibi. Ukungu hupanda kutoka bondeni ukaingia hadi jikoni, naye huchota macho nusu yamefumba, kama anayeota: konzi moja koponi, kisha, taratibu, ya pili.

Jioni moja Rothuami akamshika mkono. "Mama, umeshatoa! Uzee huu utatulaza njaa."

Bi Darkungi akafumbua macho. "Uzee wa nani? Ile ya kwanza ni ya jioni. Hii ni ya asubuhi, ulipopika wewe ukajitia kusahau."

Wali ulipoiva, bibi akajipakulia nusu sahani, kama kawaida yake tangu njaa iingie. Rothuami, aliyedhani siku zote kwamba ni uzee uliomkata hamu, akamhamishia nusu ya wali wake.