Fundi wa Barakoa za Kijapani Anayeomba Kurudi Kamachumu

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, ukungu bado haujaondoka mtaani Nyanga, Bukoba, na debe la maji linatokota juu ya mafiga uani kwa Alistidia Elieza. Humo ndani hamna ndizi wala maharage. Mna barakoa sitini na mbili za nguo ya bluu iliyokoza, yenye madoadoa meupe. Anazigeuza kwa mti, anazitoa moja moja, anazikamua, anazitundika kwenye kamba iliyofungwa migombani.

“Wenzangu asubuhi wanachemsha chai,” anasema bila kugeuka. “Mimi nachemsha pua za watu.”

Pua zenyewe ni za wanawake wanaochambua kahawa katika kiwanda kimoja cha kukoboa mjini Bukoba. Kahawa ya huku hukaushwa pamoja na ganda lake, na mashine inapolivunja lile ganda, hutoka vumbi la kahawia linalopenya hadi kwenye kope. Asiyesadiki na aende akasimame pale robo saa. Mwandishi wa makala haya alisimama, tena bila barakoa, akijiona dume. Alipenga makamasi meusi siku mbili.

Lakini leo, siku hii ya Agosti 1973, Alistidia hana habari na vumbi. Mara mbili ameulizwa jambo akajibu lingine. Leo ni siku ya mtihani, na anayetahiniwa ni mwanafunzi wake Zuena, mama wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa mjini hapa.

Zuena ameshona peke yake barakoa kumi na tano. Wanawake kumi na watano watazivaa tangu asubuhi hadi saa sita. Saa sita watazivua, na Alistidia atawakagua pua. Zikiwa safi, Zuena atachukua cherehani ya kiwanda, na Alistidia, mwenye miaka arobaini na sita, ataruhusiwa kurudi kwa mume wake Kamachumu, kusini mwa Bukoba.

“Meneja aliniambia, weka mtu kwenye nafasi yako ndipo uende,” anaeleza. “Namlaumu? Simlaumu. Lakini miaka mitatu sasa mwili uko hapa, roho iko Kamachumu. Nimechoka, ndugu mwandishi. Nimemkumbuka mzee wangu mpaka naona aibu, mtu mzima kama mimi.”

Mzee mwenyewe ni Elieza, aliyeingia kiwandani mwaka ule wa Uhuru. Alisimamia mashine ya kukobolea, mahali penye vumbi kuliko pote, na alijivunia kazi yake. Wakati huo hakuna aliyejifunga kitu puani. Wanaume walisema kujifunika uso ni mambo ya maharusi.

Mwaka 1967 alifika Bukoba mwalimu wa ushonaji kutoka Japani, msichana mfupi aliyekula senene, panzi wa huku, kuliko wenyeji. Akina mama wakampa jina la hapa nyumbani, Kokushubila, na hilo ndilo linalokumbukwa hadi leo. Alifundisha miaka miwili akarudi kwao. Miezi michache baadaye akawatumia wanafunzi wake zawadi, kasha zima la majora ya nguo inayofumwa na wakulima wa mkoa wake, kusini kabisa mwa Japani.

Nguo hiyo wao huiita kasuri. Kabla ya kuifuma, nyuzi hufungwa vifundo, zikatiwa kwenye rangi ya bluu. Penye kifundo rangi haiingii, na hapo ndipo madoa meupe yanapotokea. Ni kazi ya kutoa jasho, na kuitazama inapendeza.

Tatizo likawa upana. Jora la Kijapani halifiki hata mkono mmoja, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole.

“Mae! Tulilifungua lile kasha kwa shangwe, kisha tukatazamana,” Alistidia anakumbuka, akicheka hadi anaweka chini mti wa kugeuzia. “Kwao wanawake ni wembamba, sijui? Ukijifunga unafunika paja moja. Mwenzetu mmoja akasema hii ni nguo ya kufungia mizigo. Tukashukuru kwa barua nzuri sana, tukalirudisha stoo.”

Kasha lilikaa stoo hadi Elieza alipoanza kukohoa. Daktari alimwambia Alistidia kwamba vumbi limemwingia mumewe kifuani, na wale ambao halijawaingia walindwe mapema. Alistidia akakumbuka lile jora jembamba. Kwa gauni halifai, lakini kwa uso wa mtu upana ule ule unatosha, tena bila kupoteza hata kipande. Akakata na kukunja makunjo matatu, akatia kitambaa cheupe cha marekani kwa ndani, akashona kamba nne.

Barakoa za kwanza zilikuwa arobaini, na nusura zimfukuzishe kazi ya kuchambua aliyokuwa nayo wakati huo. Hakuifua ile nguo kabla ya kushona. Wanawake walivaa asubuhi wakatokwa jasho, na jioni walipovua, kila mmoja alikuwa na pua ya bluu, midomo ya bluu na kidevu cha bluu. Walisugua kwa sabuni, wapi! Jumapili wakaingia kanisani hivyo hivyo, safu mbili nzima. Watoto walikataa kufumba macho wakati wa sala.

“Mji mzima ulitucheka,” anasema. “Niliwaomba radhi nyumba kwa nyumba. Nikazirudisha zote, nikaloweka, nikafua mara saba, mpaka maji yakatoka meupe. Nikawaambia waitu, ndugu zangu, nijaribuni tena. Wakanijaribu.”

Baada ya hapo kiwanda kilimwajiri rasmi awe fundi wa barakoa. Leo analipwa shilingi 240 kwa mwezi. Anashona, anakagua, na kila jioni anazikusanya kapuni aende nazo nyumbani, azichemshe alfajiri. Wachambuaji wanasema vifua vyao ni vyepesi, na hata wasimamizi wa mashine sasa wanavaa na hakuna anayetaja maharusi.

Kwa Elieza dawa ilichelewa. Mwaka 1970 daktari alimwondoa kwenye vumbi moja kwa moja, akarudi kwenye kibanja, shamba la migomba la baba yake, Kamachumu, penye hewa baridi. Alistidia alibaki amalizie kazi aliyoianza. Walikubaliana iwe mwaka mmoja.

Wiki iliyopita mwandishi alimtembelea mzee huyo. Alimkuta ameketi nyuma ya nyumba chini ya migomba, blanketi mabegani mchana kweupe, mrefu na mwembamba, macho ya utani. Kabla ya salamu kuisha alishatoa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi.

“Mke wangu yuko Bukoba anaokoa watu,” alisema. “Mimi nakula matoke niliyopika mwenyewe. Siku yakiiva, yameungua. Siku yasipoungua, mabichi. Mwandike hivyo hivyo gazetini ayaone.”

Alipoulizwa kama anamlaumu, alivuta pumzi kwa shida. “Namlaumu nini? Wale ni watoto wa watu. Ila mwambie kahawa zetu ziko pale, unaziona? Nikitaka kuzifikia napumzika mara tatu. Mwaka jana ilikuwa mara moja. Nimemwandikia. Aje, tuzitazame pamoja hata kama hatuzichumi.”

Barua hiyo Alistidia anayo, imekunjwa ndani ya kitambaa chake cha kichwa. Basi la Kamachumu yeye hulipanda mwisho wa mwezi tu. Hukaa kule siku mbili, na siku ya pili yote, anasema, huwa anatazama jua linavyokwenda.

Saa sita kamili mashine zinazimwa. Wanawake kumi na watano wanajipanga ukutani nje ya ghala. Zuena amejibanza kando, kanga ameishika kwa meno. Meneja, Ndugu Rwegasira, amekuja kutazama, mikono nyuma.

“Vueni,” anasema Alistidia.

Anapita mmoja mmoja, anawashika kidevu, anawainua nyuso kuelekea kwenye mwanga. Safi. Safi. Safi. Klaudia, mwenye pua kubwa inayosumbua mafundi, safi kabisa, na wenzake wanapiga vigelegele. Wa kumi na nne safi. Anafika kwa wa mwisho, Mastura, anainua kidevu, mkono unakwama pale pale.

Pua ya Mastura imejaa vumbi. Michirizi miwili ya kahawia imeshuka hadi mdomoni.

Zuena machozi yanamlenga. Alistidia anaichukua ile barakoa na kuitazama. Kosa linaonekana hata kwa mgeni. Makunjo yametazama juu. Yakitazama chini, vumbi huteleza likaanguka. Yakitazama juu, hulipokea lote na kulipeleka puani. Ni somo la kwanza kabisa analolifundisha.

“Zuena,” anaanza kwa ukali, huku akiigeuza barakoa nje ndani. “Nilikwambia mara ngapi...”

Anaisogeza karibu na macho. Uzi wa ndani ni wa bluu. Uzi wa bluu uliisha dukani mwezi uliopita, na kidogo kilichobaki anacho Alistidia peke yake. Zuena anashona kwa uzi mweupe.

“Mama Joviana, nisamehe,” Mastura anamwambia Alistidia kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina la mwanawe. “Ile ya Zuena asubuhi ilikuwa bado mbichi. Nikachukua hii kapuni. Ni ile uliyonishonea wewe wiki iliyopita.”

Alistidia anaketi juu ya gunia. Anaitazama barakoa, kisha anacheka, kisha analia, na haifahamiki wapi kimoja kimeishia kingine kikaanza. Zuena ndiye anayekuja kumshika bega.

“Wiki iliyopita ndiyo barua ya mzee ilikuja,” Alistidia anasema. “Niliiweka juu ya cherehani. Nashona mstari, nasoma mstari. Kumbe nilikuwa nampelekea mtoto wa watu vumbi kwa mikono yangu. Miaka yote hii sijawahi.” Anampa Zuena barakoa. “Fumua hiyo, mwanangu. Na zote za uzi wa bluu za wiki iliyopita zikague wewe. Mimi usinisadiki tena.”

Meneja anakohoa kidogo, anatazama viatu vyake. “Ndugu Alistidia,” anasema hatimaye, “katika mtihani huu naona mwanafunzi amefaulu na mwalimu ameanguka. Mwalimu aliyeanguka simwezi. Jumamosi chukua basi.”

Vigelegele vinavyopigwa vinasikika hadi barabarani.

Mchana huohuo wanakabidhiana mbele ya mwandishi: cherehani, mkasi, pasi ya mkaa, debe, na majora mawili ya kasuri yaliyobaki. Kokushubila ameandika kwamba mama yake aliyekuwa akifuma amefariki, na nyumbani kwao hakuna tena anayefuma. Yakiisha, Zuena atatumia marekani ya kiwanda cha Mwanza. Ameshaijaribu, inafaa, na haitii mtu bluu.

Na Alistidia, atashona nini Kamachumu? Anatikisa kichwa. Mipango yake ni midogo. Atampikia mzee matoke yasiyoungua. Kahawa atachuma yeye, Elieza aketi pale pale kwenye miti amsimulie habari za kijiji. Kisha anatazama pembeni, na anachokisema baadaye anakisema taratibu.

“Zamani tulikuwa naye hapa Nyanga, chumba kimoja. Akianza kukohoa nilikuwa najifunika blanketi kichwani, namwomba Mungu amnyamazishe nipate usingizi. Niliomba hivyo kweli, Mungu anisamehe. Sasa chumba kimenyamaza miaka mitatu, na mimi ndiye silali. Nataka kukisikia kile kikohozi, ndugu mwandishi. Nilale karibu nacho, na kila kikilia nijue bado yupo.”