Dawa ya Utungu

Enzi zetu pale Faza mtoto hakuugua kwa siri. Ukikohoa asubuhi, kabla ya adhuhuri umeshapakwa mafuta ya nyonyo kifuani, umelambishwa asali yenye habasoda, na mtaa mzima unajua choo chako kikoje. Mwarobaini tuliunywa tumebanwa pua. Mtoto akiwa mgumu kuacha ziwa, mamake alijipaka shubiri kwenye chuchu, na hamu ya kunyonya ikaisha siku hiyo hiyo. Vijana wa leo hawawezi kumeza kidonge bila soda, kisha wanatuambia sisi tulipona kwa bahati tu.

Mwenye dawa mtaani kwetu alikuwa bibi yangu, mzaa mama. Alizihifadhi ndani ya kasha, kila moja katika kitambaa chake, na mimi ndiye niliyetumwa kuzichukua, basi nikajiona daktari. Sharti lake lilikuwa moja: hampi mtu dawa mpaka amwone uso kwa uso. Alimtazama macho, ulimi na kucha, huku akimuuliza habari za watu wa kwao kana kwamba amekuja kutembea tu.

Siku moja mke wa mwalimu mgeni, mtu wa bara, aliniita mlangoni kwake akaniambia nimwombee dawa ya utungu kwa Bibi. Sasa kwetu utungu ni uchungu wowote, uwe wa jino au wa mguu. Kwa Kiswahili chake yeye, utungu ni ule wa kujifungua, na alitaka kitu cha kumsaidia siku yake ikifika. Sikujua kuwa ana mimba. Watoto hatukuambiwa mambo hayo. Tuliambiwa wachanga hununuliwa Lamu mjini. Nilichokiona ni mama aliyejitanda leso, mkono uko tumboni.

Wiki ile Bibi alikuwa ameteguka mguu, hatoki. Akaniuliza, "Utungu wa wapi?" Badala ya kurudi kuuliza, nikajibu kwa kujiamini kwamba ni wa tumbo. Kwa mara hiyo moja akavunja sharti lake, akanifungia kipande cha shubiri, akanieleza namna ya kuiloweka, nikaondoka mbio. Shubiri huendesha tumbo vibaya, na mwenye mimba akiinywa anaweza kuiharibu.

Niliporudi nilimkuta mama yangu amekuja kumjulia Bibi hali. Akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia, na dawa niliyopeleka nikaitaja kwa majivuno. Mama akashika kifua. "Yule ana mimba ya miezi minane," akasema.

Bibi alitoka mbio uchochoroni bila buibui, mguu umefura, kitu ambacho sikuwahi kukiona wala sikukiona tena. Tulimkuta mke wa mwalimu na kikombe mkononi, bado hajanywa, anajikaza kwa ule uchungu wa shubiri. Bibi alikipokonya akakimwaga nje. Kisha akakaa kitako sakafuni akalia, nami nikalia kwa hofu.

Hakunipiga. Alinishika kidevu, akanitazama machoni, akaniambia, "Mtu hukumuona mato yake, dawa humpi. Hata awe mamako."

Leo kasha lile ninalo mimi. Rukia, binti ya kaka yangu, msichana hodari wa simu, anataka nimtajie dawa zote azitume kwenye kundi la ukoo, lenye watu kutoka Kiunga mpaka Nairobi. Ananiambia siku hizi watu wako bize, hawana wakati wa kuja kutazamwa kucha. Nimekataa, na nitakataa tena. Nimemwambia aje akae nami miezi mitatu ajifunze kutazama, ndipo nimfungulie kasha. Juzi jamaa wa Mkokoni alituma sauti kwamba tumbo lamsokota, nimtajie dawa. Nilimjibu avuke aje nimwone, au aende zahanati leo hii. Alinuna. Na anune.

Wanasema nimekuwa mchoyo wa elimu. Mimi nawakumbuka wale wazee waliotutazama machoni kabla ya kutupatia chochote, na pengo lao halijazibika. Dawa ya zamani ilitembea kwa miguu, tena miguu ya mtoto, ndiyo maana Bibi na mguu wake mbovu aliiwahi. Hii ya simu nani ataiwahi?